Nimekaa, Nikagoma Kunyanyuka

Jamani, jamani, jamani! Kaa chini kwanza nikusimulie. Au hapana, usikae, maana nikimaliza utakichukia hicho kiti ulichokalia. Nimetoka Keko sasa hivi, vumbi la mbao bado liko kwenye nywele, viganja vinanukia varnishi, moyo unanidunda kama binti aliyeletewa posa. Nimekaa kwenye kiti. Kiti tu! Lakini kiti chenyewe, mwenzangu, ni cha kamba, kipana, cha mviringo, kinakupokea mgongo kama bibi anavyompokea mjukuu aliyetoka shule ya bweni, na nilipojitupa humo nikasema "aaah" kwa sauti mpaka mafundi watatu wakageuka. Nikaambiwa ninyanyuke, kinataka kufungwa nailoni. Nikagoma. Na bado!

Ngoja nivute pumzi nianze mwanzo. Nina shoga yangu anashona mito. Si hii ya kuwekea kichwa, la, ni mito ya mahoteli, ile mikubwa minene ya kuegemea, na wiki nzima alikuwa akinisumbua kwenye simu: njoo uone chumba cha mfano, njoo uone chumba cha mfano. Mimi sikujua hata chumba cha mfano ni mdudu gani. Kumbe watu wa mahoteli hawanunui vitanda arobaini kwa kuangalia picha! Fundi anasimamisha kuta tatu za mbao ndani ya godauni, anapanga humo chumba kizima kama kitakavyokuwa, kitanda, kabati, taa, pazia, hata ndoano ya kutundikia kanga, kisha mwenye hoteli anakuja analala, anavuta droo, anaupiga teke mguu wa meza, anamwaga chai makusudi kwenye kiti. Akiridhika, vinatengenezwa vilivyobaki. Asiporidhika, vinavunjwa. Chumba hiki ni cha hoteli inayojengwa pwani ya mashariki ya Unguja, mwenyewe alikuwa anatarajiwa jioni, na sisi tulipenyezwa saa nne asubuhi kama watoto wanaoingia jikoni kabla ya shughuli.

Keko unaijua. Makochi yamepangwa kando ya barabara mpaka bodaboda zinapita kwa kujibana, vitanda vimesimamishwa wima kama abiria wanaosubiri daladala, msumeno wa umeme unalia tangu alfajiri, na kila hatua kijana anakuita, "Dada karibu, leo nakupunguzia." Ukipita haraka utadhani ni yale yale ya miaka yote, makochi mekundu pyu yenye vifungo vya kung'aa. Shoga akanivuta mkono, tukaingia uchochoroni, tukampita mama ntilie na sufuria yake ya maharage, tukaruka mtaro, akasukuma geti la bati.

Niliduwaa. Katikati ya vumbi lote lile, chumba. Cheupe pee, tulivu, kimekaa kama kipande cha ufukwe wa Jambiani kilichodondoka ndani ya godauni.

Lakini hata chumbani sikufika haraka, maana mlangoni palikuwa na mzee. Miwani imefungwa kwa uzi, fremu ya kiti ameibana kwa magoti, bunda la kamba begani, kamba ya rangi ya mchanga uliolowa. Anapitisha, anazungusha, anavuta mpaka mishipa ya shingo inasimama, kisha anachukua kibao kidogo na kuisogeza kamba ikae bega kwa bega na mwenzake, ko ko ko. Anapitisha tena. Kila baada ya mizunguko kadhaa anaidonoa kwa kidole kama mpiga gitaa, anainamisha sikio, anatikisa kichwa, anafumua, anarudia. Sikuweza kujizuia.

"Shikamoo mzee. Unasikiliza nini?"

"Marahaba. Iliyolegea inasema bo. Iliyokaza inasema ti."

Akaidonoa. Ti! Nikaidonoa na mimi. Ti! Nikadonoa ya pili, ya tatu, ya kumi, ti ti ti, kinanda kizima, mpaka mzee akaniambia kwa upole, "Mwanangu, niache nifanye kazi."

Na hiyo kamba yenyewe, laiti ungeishika! Nilitarajia ile ya kuchoma, nikakuta laini, nene, imejaa, kama msuko wa nywele za mtoto uliopakwa mafuta. Ni ya viwandani, haiogopi jua wala maji ya chumvi. Na chini yake hakuna mbao, ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya unga ikaokwa kwenye tanuri kama mkate, ndiyo maana kiti kikubwa namna ile nilikinyanyua kwa mkono mmoja nikakizungusha kama ninacheza kidumbaki. Mkono mmoja! Chuma cha kawaida ufukweni unakijua kinavyoliwa, msimu mmoja tu kinaanza kulia machozi ya kutu kwenye marumaru.

Sasa sikia kilichoniacha mdomo wazi. Nilipokuwa namwangalia mzee anavuta, kitu kikanigonga kichwani: hii kazi naijua. Huku ni kuwamba! Ni kuwamba kitanda! Bibi yangu Pangani alikuwa na kitanda cha kamba, matendegu yamechongwa, mifumbati imelainika kwa miaka ya kukaliwa, na kila kilipolegea aliitwa mtu kuja kukiwamba upya, akiweka mguu kwenye mfumbati na kuvuta hivi hivi, na kudonoa hivi hivi. Kamba ile ilikuwa ya makumbi ya nazi, yale yanayofukiwa kwenye matope ya pwani miezi na miezi, kisha wanawake wanayafukua, wanayatwanga, wanasokota. Ilikuwa inawasha! Ukilala bila mkeka unaamka na ramani ya dunia mgongoni. Kwa hiyo tulipopata hela kidogo tukazikimbia kamba, tukakimbilia sponji, tukakimbilia mahameli, tukaona aibu mgeni akikuta kitanda cha kamba ukumbini. Na leo mahoteli yanalipia kamba! Wataliano na Wahispania miaka sasa wanauza viti vya bustani vya kamba kwa bei ya kukutoa jasho, wanaviweka kando ya mabwawa ya kuogelea dunia nzima, na sisi tulikuwa tumelala juu yake. Nilicheka peke yangu mle godauni kama mwendawazimu.

Na si vitanda tu. Kile kiti cha enzi cha Lamu, cha mpingo mweusi tii, kilichopambwa kwa pembe, kile alichowekewa mgeni wa heshima peke yake, umewahi kukitazama vizuri pale Makumbusho ya Lamu? Mgongo wake na kikalio chake ni nyuzi! Nyuzi zilizowambwa! Heshima yote ile, na mtu anakaa juu ya kamba.

Haya, chumbani. Nikavua viatu, hakuna aliyeniambia nivue, miguu ilijivua yenyewe. Kitanda ni cha besera, kirefu, cha mtiki, chandarua cheupe kimefungwa fundo moja kubwa juu kama kilemba. Mtiki wenyewe wa Longuza, kule Muheza, na ukipitisha kiganja hukutani na kibanzi hata kimoja, unateleza tu, unateleza, kama unapapasa kifua cha jahazi lililotoka kupakwa mafuta ya sifa. Nikaenda mchagoni. Pale mchagoni, jamani! Badala ya ule ubao mzito uliotuniwa sponji na kushindiliwa vifungo, wameweka katani. Katani ya kusuka, nene, rangi yake ya asili, ya dhahabu iliyofifia, imetandazwa ukutani upana wa kitanda chote na imesukwa mawimbi. Nikaegemeza kichwa. Inanukia! Inanukia shamba la mkonge baada ya mvua, nikarudi utotoni nikiwa ndani ya basi la Tanga nahesabu mistari ya mkonge mpaka usingizi unanichukua.

Ujue mkonge wenyewe ulikuja kwetu kama mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika salama ni 62. Sitini na miwili! Watu husimulia kwamba ilisafirishwa kwa siri ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa, sijui, lakini hadithi naipenda mno kuiacha. Wajukuu wa ile 62 ndio niliokuwa nimewaegemezea kichwa. Tumezoea kuiona katani kwenye magunia na kamba za kufungia mbuzi, leo inamlaza mgeni anayelipa kwa dola.

Na bado! Nimeweka mkono pembeni ya kitanda kutafuta pa kujishikia, kidole kikaingia kwenye kijishimo, taa ikawaka. Hakuna swichi inayoonekana. Wamechimba kishimo kwenye mfumbati, laini kama kitovu, ukigusa taa inawaka, na soketi ya kuchaji simu imejificha chini ya kifuniko cha mbao kilicholingana na mbao zinazokizunguka mpaka shoga alinionyesha mara mbili. Hakuna nyaya zinazoning'inia. Hakuna kutambaa chini ya meza usiku na kupiga kichwa. Wewe uliyewahi kulala hotelini simu ikiwa inachajia chooni, utalia machozi ya furaha.

Nje ya kile chumba wametengeneza kona ya mgahawa, na hapa, mwenzangu, hapa ndipo nilipopoteza adabu. Kwanza kuna baraza. Baraza! Lile lile la nyumba za Mji Mkongwe, wanapokaa wazee na kahawa yao wakisengenya serikali, limeingizwa ndani, limezunguka ukuta, limetandikwa mito ya shoga yangu, bluu ya bahari na nyeupe na ile rangi ya embe bolibo linaloanza kuiva. Mahoteli makubwa yamezoea vibanda vya ngozi, unakaa humo kama uko ndani ya sanduku. Hapa unakaa miguu juu ukitaka. Mnakaa sita, anakuja wa saba, mnasogea. Jaribu kusogea kwenye kibanda cha ngozi!

Mito yenyewe nikaibonyeza. Ukiifungua ndani si sponji tuliyoizoea, ile inayonywa mvua Aprili ikakauka Juni. Ni povu lenye matundu makubwa, shoga akachukua kikombe cha maji akamimina juu, nikapiga kelele, na maji yakapita moja kwa moja, yakatoka chini chururu kama tui kwenye kifumbu. Dakika kumi baadaye nikakaa juu yake na gauni langu jeupe. Kavu! Kavu kabisa!

Kisha viti vya kulia. Vimekunjwa kwa mbao, mgongo mmoja unaozunguka bila kona, tabaka nyembamba za mtiki zimegandishwa kwa gundi na kubanwa kwenye kalibu mpaka zikasahau kwamba ziliwahi kunyooka. Vinanikumbusha viti vya mikahawa ya Vienna, vile vya Thonet namba 14 vya mwaka 1859, vilivyokuwa vipande 6 tu na skrubu 10, vinafunguliwa na kupakiwa 36 ndani ya sanduku la mita moja ya ujazo kama dagaa. Hivi vya Keko havifunguliwi, lakini vinapandana kimoja juu ya kingine kama sahani za shughuli. Na nilipokivuta kimoja, nikakunja uso nikisubiri ule mlio, unaujua, kriiii unaokata meno. Kimya jii. Nikavuta tena kwa nguvu. Jii! Chini ya kila mguu kuna kipande cha mpira kimezamishwa humo. Na bado, wamebandika kitambaa kinene nyuma ya baraza na chini ya meza, ukipiga makofi sauti inazama, kwa hiyo mgahawa ukijaa pomoni bado utamsikia mwenzio bila kupayuka. Nilipiga makofi mara nyingi sana. Kijana wa msasa akadhani nampongeza, akainama.

Juu ya meza sasa! Nilidhani ni terazo, ya madoadoa kama yai la kanga, nyekundu, kijani, bluu, nyeupe. Nikaweka shavu nikisubiri ubaridi wa jiwe. Si jiwe. Ni vuguvugu, laini, inakaribia kuwa ngozi. Plastiki! Vifuniko vya chupa, madumu, ndoo zilizopasuka, vimesagwa vikayeyushwa vikabanwa. Doa moja jekundu mimi nalijua, lile ni dumu la mafuta ya kula, naapa. Niliposikia habari za Flipflopi, lile jahazi lililojengwa Lamu kwa takriban tani 10 za plastiki na kuvikwa kandambili 30,000 hivi, likashushwa majini 2018 na kusafiri mpaka Zanzibar mwanzoni mwa 2019, nilisema sawa, ni jahazi la maonyesho, mambo ya kupigia picha. Leo nimeweka shavu juu ya takataka na sikutaka kulitoa. Shoga akamwaga mchuzi wa pweza wa mama ntilie juu yake, tukasubiri, tukafuta kwa kitambaa kikavu. Hata manjano haikuacha alama. Manjano, ambayo haijawahi kumsamehe mtu!

Unajua kwa nini nachanganyikiwa hivi? Kwa sababu kinachoanzia hotelini hakibaki hotelini. Kile kiti maarufu kama yai lililomenywa upande, Arne Jacobsen alikibuni kwa ajili ya hoteli moja ya Copenhagen, SAS, iliyofunguliwa 1960, na mpaka leo chumba namba 606 kimeachwa kama alivyokipanga, huku kiti chenyewe kikizunguka dunia kwenye maofisi na majumba ya watu. Mtu analala hotelini siku mbili, anarudi nyumbani anaangalia sebule yake kwa jicho baya. Mwaka mzima wa jana tulikuwa tunaletewa viti vya mahameli vyenye miguu ya dhahabu. Nilikaa kwenye kimoja kwenye harusi, ukumbi sikutajii, Desemba, joto la kukaanga, nikanyanyuka na gauni limenata mapajani na rangi ya kiti imehamia kwangu. Kijani. Nimepigwa picha za harusi nzima nikiwa na makalio ya kijani.

Halafu kiti cha kuletwa namna hiyo kikivunjika mguu, mwenye hoteli afanyeje? Asubiri meli. Mzee wa kamba kaniambia kamba ya kiti chake ikikatika anapanda boti ya asubuhi, anawamba, anarudi na ya jioni. Na alisema hivyo bila kujisifu, kama anayekuambia njia ya kwenda sokoni.

Sasa usidhani nimelogwa kabisa. Stuli za kaunta sizitaki. Nzuri kwa macho, kamba zimesukwa vizuri mno, lakini hazina pa kuegemea na pa kuweka mguu pako juu mno, nilikaa nikajiona kuku kwenye banda. Na kile kiti changu cha mviringo, mpenzi wangu yule, kiko chini sana. Mimi na magoti yangu sawa. Mama yangu je? Mama akiketi pale tutamtoa kwa kreni. Nikamwambia fundi mkuu, akacheka, akasema hilo kila mtu analisema na wateja bado wanataka vifupi kwa sababu ya picha. Haya bwana.

Jioni kirikuu kikaingia kinyumenyume, tukafukuzwa kwa heshima, mwenye hoteli yuko njiani. Nikapita mlangoni kumuaga mzee. Pembeni yake palikuwa na kiti kimoja kimegeuzwa uso ukutani kama mtoto mtundu. "Na hiki?" nikauliza. Akaidonoa kamba ya mgongoni, ya tatu kutoka juu. Bo. Akasema hiki hakiendi hotelini, fremu imepinda kidogo, atakifumua atoe kamba yake.

Mwenzangu, sikumbuki nilivyotoa pesa. Nakumbuka bajaji, mimi ndani, kiti juu ya paa kimefungwa kwa kamba ya manila, na dereva anauliza kila taa nyekundu kama bado kipo. Kimefika. Kiko kibarazani kwangu. Kimepinda kushoto, ukikaa kinakuegemeza kidogo kama anayetaka kukunong'oneza, na watoto wa jirani wameshaijua ile kamba ya tatu, bo bo bo bila kukoma. Njoo Jumamosi, njoo asubuhi, nitapika mihogo ya nazi, ila uje mapema kweli kweli, maana mama kafika, akasema kifupi, akakaa kukijaribu tu, na hajanyanyuka. Haya yote nimeyaandika nimesimama.